Fundo Si Ziwa

Ujerumani,
mwezi wa Desemba

Kaka Athumani,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu sasa hivi, kabla hujasoma mstari wa pili, maana najua amekaa hapo karibu nawe, ameweka ufagio chini, anasubiri usome kwa sauti. Magoti yake yanaendeleaje? Bado anapanda mwenyewe shambani, au amekubali watu wamsaidie? Na Shemeji Halima amejifungua salama? Barua yako ya mwisho ilisema bado kidogo. Kuanzia siku ile kila nikitawadha namwombea.

Mimi mwili ni mzima. Theluji imeanguka tangu juzi na mto wa mji huu umeshika barafu pembeni, lakini chumba changu kina moto na kazi yangu ya kuwahudumia wazee iko palepale. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Wananipenda kuliko ninavyostahili.

Najua umenung'unika. Miezi mitano bila barua, mtu akiona atasema Rehema amezama Ulaya, amesahau Soni. Sikusahau, kaka. Nilikuwa na vita, na sikutaka kukuandikia kabla haijaisha, kwa sababu vita yenyewe ni yako. Mimi nilipigana tu kwa niaba yako, na bila ruhusa yako. Sasa imefika mahali ambapo mkono wangu hauendi tena mbele, lazima uingie wewe. Kwa hiyo kaa. Kama una randa mkononi, iweke chini.

Nianze na jambo ambalo nililigusia tu zamani, ili Mama naye aelewe. Nilipofika huku, kati ya wazee niliokuwa nawahudumia alikuwepo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, Bibi Lotte. Chumbani kwake kulikuwa na kabati limejaa makasha ya michezo ya ubaoni. Si bao tunalolijua, si drafti. Huku watu wazima, wenye ndevu na vyeo, wanakaa mezani Jumapili nzima wanacheza kuwa wajenzi wa reli, au watawa wanaopika pombe, au wakulima wanaobadilishana kondoo kwa matofali. Kila kasha lina ubao wake, kete zake za mbao, karata zake, na kijitabu cha kanuni. Bibi Lotte aliniambia, "Mwanangu, Kijerumani cha darasani kitakufa mdomoni. Njoo tucheze." Lugha yao nimejifunza kwenye vile vijitabu vya kanuni. Ndiyo maana mpaka leo nikiongea wananicheka, wanasema naongea kama mtu anayesoma sheria.

Mpwa wake, Gerda, ana gazeti dogo la wapenzi wa michezo hii. Linahakiki michezo mipya tu: upi unafaa, upi ni takataka, upi una kanuni zisizoeleweka. Siku moja alitukuta tukicheza mchezo wa mabomba ya maji, mchezo mpya ambao mji mzima ulikuwa ukiusifia. Akaniuliza naonaje. Nikamwambia, "Mzuri kwa anayeongoza. Mimi nimeshindwa tangu zamu ya tatu na bado mnaniweka hapa saa nzima kama mfiwa." Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema niandike hilo hilo, kwa maneno hayo hayo. Tangu hapo nikawa mhakiki. Kila mwezi ananipa makasha mawili, nacheza kila moja mara nne au tano na watu tofauti, naandika. Watu walianza kutafuta jina langu kwanza wanapofungua gazeti. Kaka, sijapata kazi niliyoipenda kama ile.

Sasa. Mwezi wa Julai Gerda aliniletea kasha kubwa, bado lina nailoni yake. Akasema, "Hili nimekuwekea wewe kwa makusudi. Ni la kwenu." Kwenye kifuniko palikuwa na mfalme mweusi amevaa ngozi ya chui, nyuma yake mlima, na pembeni ya mlima twiga. Twiga, kaka! Nikajiambia, haya, mwingine huyo aliyeiona Afrika kwenye kopo la kahawa. Nikachana nailoni, nikafungua ubao.

Nikaiona barabara.

Inaanzia juu, Lushoto, inashuka Soni, inapita maporomoko, inajikunja kona baada ya kona mpaka Mombo kwenye joto. Malori ya mbao. Kete nyekundu za nyanya, kete za kijani za kabichi, na zingine za njano, za peasi. Kituo cha dalali. Karata ya mvua inayofunga barabara. Mikono yangu ilikuwa inajua pa kwenda kabla macho hayajasoma, kwa sababu nimeucheza mchezo ule nikiwa na sare ya shule. Ulikuwa ni mchezo wako wa Kona. Ule uliouchonga kwenye ubao wa mti wa mkulo miaka ile mambo yalipokuwa ruksa, malori ya watu binafsi yakaanza kupanda mlimani kugombania mboga zetu, na wewe karakana ikiwa haina kazi ukasema utawafundisha vijana biashara kwa kete.

Na katikati ya barabara, kati ya Soni na Lushoto, walikuwa wamechora ziwa. Ziwa la buluu, na kiboko ndani yake. Limeandikwa jina lake kwa herufi nzuri: Ziwa la Fundo.

Unakumbuka ubao ule ulivyokusumbua? Lile fundo la mti lililokuwa katikati, gumu kama jiwe, patasi ikateleza ikakukata kidole, ukatukana, halafu ukaamua kuizungusha barabara ilizunguke. Wachezaji wakafanya kanuni: gari likifika pale linasubiri zamu moja. "Nimekwama Fundo," wanasema, kila mtu anacheka. Mwizi wetu alisikia neno hilo mara mia akadhani ni mahali. Akalichorea maji na kiboko.

Chini ya kasha palikuwa na jina la mtunzi. Jina moja tu. Anselm.

Mama, najua unasikia. Ni huyo huyo Anselm wako. Mtaalamu wa udongo aliyekuja kutufundisha kupanda majani ya guatemala kwenye kingo za matuta. Aliyekuja karakana kuagiza viti sita akakaa miaka mitatu. Uliyempakulia bada la muhogo na mboga ya mnavu, ukamwita mwanangu, na mimi nikamnawisha mikono.

Kaka, hapa nyamaza kidogo. Yanayofuata yasome peke yako, karakana, halafu umpe Mama yale unayoona anayaweza.

Huo wizi peke yake pengine ningeumeza. Kilichonikaa kooni ni neno alilokwambia. Nilikuwepo, nilikuwa nakoroga chai. Ulikuwa umemaliza ubao wa pili, ulio bora zaidi, ukamwuliza kwa heshima kabisa, "Bwana Anselm, kitu kama hiki kwenu kinaweza kutengenezwa?" Akaugeuza ubao mkononi, akatabasamu, akakujibu, "Fundi, huu ni mchezo wa kijiweni. Ulaya hawawezi kuuelewa. Wewe shika viti, viti ndiyo mkono wako." Akauomba ubao ule wa kwanza awe nao kwa kumbukumbu, ukampa, ukamfungia na kitambaa. Na wewe ukaamini. Ukaacha. Kete zote ukazitia kwenye moto wa kupikia gundi. Watu waliokuwa wakija kila Ijumaa baada ya swala kucheza wakaanza kukuita Mghosi wa Kijiweni, mzee mzima wa kijiweni, na wewe ukacheka nao, lakini mimi ni mdogo wako, nakujua unapocheka na unapofunika. Hujachonga kitu cha kwako tangu siku ile. Viti tu.

Basi nikiwa nimekaa sakafuni na kasha lile, nilijisemea kwa Kishambaa, kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta. Sitaandika nilichosema.

Uhakiki wa kwanza niliuandika siku hiyo hiyo. Gerda aliusoma amesimama, akanirudishia. "Hii ni laana, Rehema," alisema. "Uhakiki hauko hivi. Kuna jambo kati yako na mtu huyu?"

Ana kanuni moja gazetini, haivunjwi: mwenye ugomvi au undugu na mtunzi hahakiki mchezo wake. Nilijua nikisema kweli, kasha litaenda kwa mwingine, na huyo mwingine ataandika kwamba Bwana Anselm ameleta hewa mpya kutoka Afrika. Nikamtazama machoni.

"Simjui," nikasema.

Nilidanganya, kaka. Nakwambia ili usidhani nilipigana kwa mikono safi.

Nikakaa wiki tatu na mchezo ule. Niliucheza na wauguzi wenzangu, na wazee, na vijana wa chuo. Na hapo nikakuta shida ambayo sikuitarajia: mchezo ni mzuri. Kila mtu aliupenda. Muuguzi mmoja alipiga meza kwa furaha lori lake lilipompita mwenzie kona ya mwisho. Ningeuponda vipi? Kuuponda ni kukuponda wewe. Nikizichoma kete zako mara ya pili, mimi na yeye tuna tofauti gani?

Ndipo nikapata njia. Nilizitenga kanuni moja moja, kama unavyochambua maharage. Kila alichokiiba, nikakisifu. Kila alichokiongeza, nikakichinja. Nakutafsiria kipande, kwa sababu nimekiandika kwa raha ambayo sijawahi kuisikia tena:

"Mchezo huu umetungwa na watu wawili ambao hawajawahi kuelewana. Wa kwanza anaijua barabara ya mlimani kama mtu aliyeishuka na tenga la nyanya kichwani. Yeye ndiye aliyeamua kwamba lori lililojaa lishuke taratibu na lori tupu liwe na haraka, na kwamba aliye nyuma ya wote ndiye apange bei sokoni, ili hata anayeshindwa awe na la kufanya mpaka mwisho. Huyo ni fundi wa hali ya juu, na mimi sijakutana na mwenzake mwaka huu. Wa pili ameongeza mfalme, twiga, na karata za mizimu ambazo humpa ushindi mtu aliyelala mchezo mzima. Huyo wa pili hana analolijua. Ukitaka kufurahi, zitoe karata zake zote uzitupe, ubaki na wa kwanza. Kwenye kasha limeandikwa jina moja tu. Tungependa kujua ni la yupi. Tena tungependa mtunzi atueleze Ziwa la Fundo liko wapi, maana sisi tuliozaliwa kando yake hatujawahi kuliona."

Gerda alidhani ni mbinu ya uandishi. Alicheka, akaupeleka kiwandani kuchapwa. Uhakiki ukatoka Septemba, na watu wakaanza kuulizana kuhusu ziwa.

Mwezi wa Oktoba kuna maonyesho makubwa ya michezo. Ukumbi mmoja unameza soko la Lushoto lote na la Soni na bado kuna nafasi. Kila kampuni ina meza zake, watunzi wanakaa, watu wanapanga foleni kucheza nao. Kampuni ya Bwana Anselm ilikuwa imeweka mbele ya meza yake mti wa plastiki na ngoma. Yeye mwenyewe amevaa shati la kitenge. Amenenepa, nywele zimekwenda, lakini kicheko ni kile kile cha karakana.

Nilikuwa na beji ya gazeti shingoni. Aliiona kabla hajaniona mimi.

"Ahaa! Mhakiki wetu mkali!" alisema kwa Kijerumani, mikono ameifungua. Halafu akaona rangi yangu, akahamia Kiswahili, kwa kujionyesha mbele ya watu. "Habari za siku nyingi, dada? Unatoka pande zipi za Afrika?"

"Soni," nikasema.

Kicheko kilibaki mdomoni lakini macho yaliondoka. Alinitazama vizuri. Mimi niliyekuwa na sare ya shule sasa nina miaka yangu, na sikumsaidia.

"Soni," akarudia. "Soni pazuri sana. Nimeishi huko."

"Najua. Naomba nafasi nicheze."

Hakuweza kunikatalia, watu wamejaa. Nikakaa kiti cha mbele yake. Tulikuwa wanne mezani, na nyuma yetu watazamaji, kati yao mama mmoja wa kampuni mwenye faili, na Gerda aliyekuja kupiga picha. Tukacheza. Sikuwa na haraka. Nilicheza kama ulivyonifundisha, lori jepesi mwanzoni, mizigo mwishoni. Lori langu lilipofika kwenye lile buluu nikaliacha pale, nikainua kichwa, nikamwuliza kwa Kijerumani ili wote wasikie.

"Bwana Anselm, ziwa hili uliliona wewe mwenyewe?"

"Naam. Ni ziwa dogo tu. La milimani."

"Na kiboko?"

Watu walicheka. "Kiboko ni mapambo," alisema.

"Na jina? Fundo maana yake nini?"

"Ni jina la mahali. La asili."

"Fundo ni fundo la mti," nikasema. "Pale jicho la tawi lilipokuwa. Mtu yeyote anayejua Kiswahili hapa anisahihishe. Barabara yako inazunguka kwa sababu aliyeichonga mara ya kwanza aliichonga kwenye mbao, na mbao ile ilikuwa na fundo. Huko hakuna ziwa. Hakuna hata dimbwi."

  "Dada huyu amekosea," Anselm aliwaambia watu. "Mchezo nimeutunga mwenyewe, nilipoona malori yakishuka. Kule hakukuwa na mchezo wowote."

Angenyamaza, kaka, pengine ningeishia hapo. Lakini alisema hakukuwa na mchezo wowote.

Nikafungua mkoba. Mama alinipa picha siku ya safari, ile iliyokuwa imechomekwa kwenye fremu ya kioo chumbani. Umeinama juu ya ubao, na Anselm yuko pembeni yako ameshika kete, amecheka. Kamera ilikuwa yake, aliiweka juu ya meza ikapiga yenyewe, akaituma kwa Mama kama zawadi. Nikaiweka picha juu ya ziwa. Watu wakainama. Ubao unaonekana, barabara inaonekana, hata lile fundo jeusi linaonekana. Halafu nikaigeuza. Nyuma ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kijerumani na chini yake kwa Kiswahili: Fundi Athumani na mchezo wake.

Mchezo wake. Aliandika mwenyewe.

Yule mama wa kampuni alichukua picha, akasoma mara mbili, akamwuliza Anselm kwa sauti ya chini kabisa, "Mwandiko huu ni wako?"  Anselm alianza kuzipanga kete za nyanya, moja juu ya nyingine, zikaanguka. Mama yule akawaambia vijana wake wayaondoe makasha yote mezani. Nilikaa pale pale nikaangalia wanavyoyaondoa, moja moja, mpaka la mwisho. Watu wawili walikuwa tayari wameshika yao kwenye foleni, wakayarudisha. Sikusimama mpaka meza ikawa tupu.

Sasa niseme raha niliyoisikia? Nilisikia raha, kaka. Ilinishuka mpaka miguuni. Sitajifanya mtu mwema.

Gerda alinisubiri nje. Hakupiga kelele. Alisema, "Uliniambia humjui." Nikasema ndiyo, nilidanganya. Akasema, "Ulichoandika ni kweli tupu, na picha ile nitaichapa, lakini wewe huwezi kuniandikia tena, kwa sababu msomaji akijua mhakiki mmoja alidanganya, atatilia shaka wote." Nilitaka kubishana nikaona hana kosa. Alichukua beji yangu, akanishika bega, akaenda. Bibi Lotte alininunia wiki mbili, halafu akaniita tucheze kama kawaida. Makasha mawili ya kila mwezi sasa yanakwenda kwa mtu mwingine. Siku gazeti linapotoka nalipita dukani bila kulitazama.

Wiki iliyofuata maonyesho, Anselm alikuja nyumbani kwangu. Amebeba maua. Alisimama mlangoni, anasalimia kwa adabu yote ya kwetu, "Onga mshi," anasubiri niitikie. Sikuitikia. Mama akiuliza, mwambie hapa ukurasa umelowa. Nilimwacha mlangoni na mvua inamwangukia mabegani, sikumpa kiti, sikumpa hata maji, mimi mtoto wa mwanamke ambaye hajawahi kumfukuza mgeni.

"Nilimpenda sana kaka yako," alisema.

"Ulimwambia ashike viti."

"Nilikuwa kijana. Nilifikiri kweli haitawezekana. Halafu nilirudi huku nikaucheza na marafiki, wakaupenda, na..." Aliyahamishia maua mkono wa pili. "Rehema, ningeandika kwenye kasha jina la fundi wa Soni, nani angelinunua?"

"Hukujaribu kujua."

Alitoa karatasi. Ilikuwa barua ya kampuni, imeshapigwa chapa, inasema mimi kama mwakilishi wa familia nakubali kwamba mchezo mliutunga pamoja, wewe na yeye, na kwamba yaliyotokea ni kutoelewana. Alinipa na kalamu. Nilisoma yote, taratibu, yeye amesimama. Nikamrudishia.

"Hakuna pamoja," nikasema. "Chako ni twiga tu. Twiga mchukue."

Akalia, kaka. Mtu mzima. Nikafunga mlango, nikarudi jikoni, nikamaliza kukata vitunguu. Maua aliyaacha ngazini, jirani akayachukua.

Mwisho kampuni imekubali, baada ya kuona picha yenyewe imechapwa gazetini na barua za wasomaji zimeanza kuingia. Mtunzi ataandikwa mmoja: Athumani, fundi seremala, Soni. Mfalme ataondoka, na karata za mizimu zitaondoka. Ndani ya bahasha hii kuna fomu yao, nimeitafsiri kila mstari kwa penseli pembeni. Usitie sahihi kwa haraka. Nenda nayo kwa yule mwanasheria wa Tanga aliyemsaidia Mjomba kesi ya shamba, asome kwanza, hasa sehemu ya mauzo. Na chonga, kaka. Huku kuna watu wamecheza kitu ulichokiwaza wewe peke yako ukiwa na patasi na kikombe cha chai, wakasahau kwamba chakula kimepoa. Nimewaona kwa macho yangu. Yule aliyekwambia hawataelewa alikuwa anajua wataelewa.

Nisalimie Mjomba wa Vuga, mwalimu wetu wa madrasa, mwambie bado nasoma ingawa peke yangu. Shangazi wa Bungu mwambie kanga aliyonipa ndiyo natandika kitandani, baridi ikizidi najifunika. Shemeji Halima mwambie nampigia magoti yeye na mtoto, nitatuma nguo za sufu na mtu anayekuja mwezi wa pili. Mama mbusu mikono yote miwili, na umwambie nakula vizuri.

Jambo moja limebaki. Anselm ameandika kwa kampuni kwamba kiangazi anataka kuja Soni mwenyewe, aombe radhi kwako na kwa Mama. Huenda akafika. Mama atamwona amezeeka, ataingia jikoni, na kabla hajakaa atakuwa ameshapakuliwa. Nawe una moyo wake, nimekuona tangu utotoni unavyoachia. Sikukatazi. Mkosaji ni wako na radhi ni yako. Ukiona inafaa, msamehe, lakini msamehe kwa jina lako peke yako. Akikuuliza na Rehema je, mwambie Rehema hajasema kitu.

Mdogo wako anayekuheshimu,

Rehema